Gunia lilale siku tatu: jibu kwa dada wa Makorora

Dada mmoja wa Makorora kaniandikia, swali lake nalifupisha: "Shikamoo. Sisi ni akina mama tisa, tunakusanya chupa na maboksi hapa Tanga toka 2018. Korona ilipoingia tuliendelea na kazi, kila jioni tunakaa bandani tunaosha chupa zote kwa jiki ndo tunafunga viroba. Juzi mwanangu kanionyesha kwamba kipindi kile wenzetu Ulaya na Marekani walisimamisha kabisa mambo ya kurejeleza taka, vituo vikafungwa. Sasa najiuliza, sie tulikuwa wajinga kuendelea? Na ikija nyingine tufanyeje? Afu tuna viroba viwili vya barakoa tulizitenga 2021, mnunuzi hamna, vipo tu bandani, tuvichome?"

Marahaba mdogo wangu, na hongereni maana wengi walioanza kazi hiyo mwaka huo sa hivi wanauza vitumbua. Naanza na jibu lenyewe, najua kusoma maneno mengi kwenye simu kunachosha: hapana, hamkuwa wajinga kuendelea. Kuna kitu mlikosea ila sio hicho, ntakifikia huko mbele.

Tuanze na hao wenzetu. Ukiangalia video ya kijana wako utadhani walifunga kila kitu kwa kuogopa chupa, na ni kweli woga ulikuwepo. Katikati ya Machi 2020 watafiti wa Marekani walitoa majibu ya maabara kwamba kirusi kinaonekana juu ya plastiki na chuma cha pua hadi masaa 72, kwenye boksi hadi masaa 24, kwenye shaba masaa 4. Hiyo 72 ikazunguka dunia nzima, watu wakawa wanafuta hadi maganda ya ndizi. Kilichoachwa njiani ni sehemu nyingine ya utafiti huo huo: kwenye plastiki kirusi kinapungua nusu kila baada ya masaa kama 7. Piga hesabu mwenyewe, chupa uliyookota leo saa nne asubuhi, kesho saa nne kimebaki chini ya sehemu moja ya kumi, na siku tatu zikipita hata sehemu moja ya elfu haifiki, na hapo ni kivulini ndani ya maabara, hujaweka jua la Tanga la Februari. Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kikasema wazi kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye kirusi kwa kawaida uko chini ya mara 1 katika 10,000. Ila mwaka mzima ulikuwa umeshapita watu wanafuta ndizi.

Sasa kwanini walifunga? Kwa sababu taka zao zinachambuliwa kiwandani. Kuna mkanda unatembea, watu wamesimama pande mbili bega kwa bega ndani ya jengo, mashine zinapiga kelele mpaka mtu akitaka kumwambia mwenzie kitu anamsogelea anapayuka. Kirusi cha hewani kinataka nini zaidi ya hapo? Akiumwa mmoja wanawekwa karantini kumi, mkanda unasimama. Wengine walirudisha kazi kwa kuwatawanya watu kwenye mkanda na kuuendesha polepole, wakagawa zamu ili waliotoka wasikutane na wanaoingia, madereva wa magari ya taka wakawa wanakaa mmoja mmoja kwenye kichwa cha gari na mwenzie anafuata na gari lingine nyuma. Kule Michigan ukirudisha kopo la soda unarudishiwa senti 10 uliyolipia dukani, hiyo huduma ilisimama toka 23 Machi hadi 15 Juni 2020, watu wakabaki na makopo yamejaa magaraji. New York walisitisha ukusanyaji wa mabaki ya chakula kuanzia Mei 2020, na hapo sababu kubwa ilikuwa bajeti, kirusi kilisingiziwa tu kidogo. Uingereza yale madampo ya watu kupeleka wenyewe yalifungwa mwishoni mwa Machi yakafunguliwa Mei kwa foleni. Kwaiyo ukisikia "walisimamisha" ujue kila mahali walisimamisha kitu chao kwa sababu yao, na kuna walioendelea vilevile, mfano Pune huko India ushirika wa waokota taka uliendelea kupita nyumba kwa nyumba hata wakati wa lokdauni.

Geuza sasa uje kwetu. Nyie mkanda mnao? Mna banda la bati na upepo wa bahari. Mnaokota mkiwa mmoja mmoja mtaani, uwanjani, Deep Sea, ufukweni, kila mtu na kiroba chake, umbali mlionao nyie wale wa mkandani wangeulipia. Ile sehemu ya kuokota nyie mlikuwa salama kuliko wao toka siku ya kwanza, na ndo maana nasema kufunga kusingewasaidia kitu zaidi ya kuwalaza njaa.

Na taka zenyewe hazikubadilika kama zao. Kwao watu walijifungia ndani, ofisi na hoteli zikakauka, taka zote zikahamia majumbani, magari yakawa yanazunguka njia ambazo hazikupangiwa mzigo ule. Sie kesi ya kwanza ilitangazwa 16 Machi 2020, Arusha, kesho yake shule zikafungwa na mikusanyiko ikapigwa marufuku, ila masoko yakabaki wazi, misikiti na makanisa vilevile. Soko la Mgandini lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kilichomo ndani ya ndoo. Unakumbuka kipindi cha nyungu? Aprili ile kila nyumba ni kujifukiza, malimau, tangawizi, mchaichai, majani ya mwarobaini, mkaratusi, mpaka ghuba la taka likawa linanukia kama duka la dawa za asili, sijawahi kuona kabla na sijaona tena. Afu Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili huku masika imeshika, na ile mvua ya 2020 haikuwa ya mchezo. We mwenyewe mtu wa Tanga unajua taka za futari: maganda ya mihogo, machicha, vifuu, maganda ya tikiti. Taka za mijini kwetu hata siku za kawaida zaidi ya nusu ni mabaki ya chakula na majani, ukichanganya na mvua mzigo unakuwa mzito na unachuruzika.

Hapo ndo nataka nikuonyeshe hatari ilipokuwa, maana wengi hawakuiona. Simama mlangoni pale Ngamiani saa kumi na mbili asubuhi. Guta linafika, kijana anachukua ndoo kwa mikono miwili, ndoo haina mfuniko, anainyanyua mpaka kifuani ndo aimwage ndani, ule mshindo wa kumwaga unarusha vumbi na maji usoni kwake, anafuta kwa mkono ule ule, mama mwenye ndoo kasimama hatua moja anamuuliza habari za watoto na ada ya mwezi anamkabidhi noti mkononi. Ndani ya dakika hiyo moja yaliyo ya hatari ni mazungumzo ya karibu na ule mkono kufuta uso. Vijana niliokuwa nafanya nao kazi tulibadilisha vitu vichache sana na havikuwa na gharama: ndoo inawekwa nje usiku au alfajiri mwenyewe anarudi ndani, guta likateremshwa ubao wa pembeni ili ndoo imwagwe ikiwa chini ya kiuno, ada ikalipwa kwa simu, na nyuma ya guta tukafunga dumu la lita 10 lenye koki na kipande cha sabuni kimening'inizwa ndani ya soksi. Ile soksi walituchekea sana mtaani. Barakoa walivaa wiki mbili za mwanzo, baadae zikawa kidevuni, siwalaumu, sukuma guta lenye tani ya maganda mabichi huku umeziba pua uone.

Kuna mwongozo wa Italia ulizunguka sana, kwamba nyumba yenye mgonjwa isichambue taka, iweke zote kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, ifungwe. Watu wakaniuliza, mifuko ipi wakati mifuko ya plastiki imepigwa marufuku toka 1 Juni 2019? Ntakwambia kitu ambacho wengi hawajui, marufuku ile ni ya mifuko ya kubebea bidhaa, kanuni zenyewe ziliacha nje vifungashio vya shughuli kama hospitali na usafi na udhibiti wa taka. Mfuko wa taka haukuwa haramu, ulikuwa ghali tu kwa mtu wa kawaida. Tukashauri nyumba yenye mtu anayekohoa iweke taka kwenye kiroba cha unga, ifunge mdomo, ikae nacho siku tatu ndo kitoke, na kiroba hakimwagwi, kinaenda kama kilivyo. Cha kuchekesha Marekani muda ule ule baadhi ya majimbo, Massachusetts mojawapo, yalikuwa yanakataza watu kuingia dukani na mifuko yao ya nyumbani, plastiki ikarudi kwa mlango wa mbele. Sie hatukurudi nyuma kwenye hilo.

Haya, pesa. We hukuuliza ila najua ndo iliyowauma, maana nani asiyekumbuka mtu wa mzani alivyokuwa anajibu mwaka ule, "sichukui chupa, nina mzigo haujatoka". Watu walidhani mnunuzi anaogopa korona. Wapi. Plastiki inatokana na mafuta, na Aprili 2020 dunia ilisimama kusafiri mafuta yakakosa wa kuyanunua, tarehe 20 Aprili bei ya mafuta ya Marekani ya kupokelewa mwezi unaofuata ilifika chini ya sifuri, dola hasi 37 kwa pipa, yani mwenye mafuta anakulipa we uyachukue. Mafuta yakiwa hivyo plastiki mpya inakuwa rahisi kuliko chupa yako iliyookotwa, ikaoshwa, ikasagwa, ikasafirishwa hadi Dar. Mwenye kiwanda atanunua ipi? Juu ya hapo China ilishafunga mlango kwa aina 24 za taka kutoka nje toka Januari 2018, soko lilikuwa linayumba kabla hata ya ugonjwa. Na huku harusi zimepungua, ngoma hamna, mpira hamna, chupa zenyewe za kuokota zimekuwa chache. Maboksi yalienda kinyume kidogo, huko nje maduka yalifungwa boksi za madukani zikaadimika wakati watu wanaagiza vitu nyumbani, bei ya boksi kuukuu ikapanda kwa miezi kadhaa, ila huo upepo mpaka ufike kwa mtu wa mzani wa Tanga mmeshaisahau bei ya kwanza.

Kwaiyo kama kuna somo la biashara hapo ni la kutolala na aina moja ya mzigo. Mwenye chupa tupu aliumia, mwenye chupa na maboksi na bati chakavu alipumua.

Sasa kosa lenu. Tisa bandani jioni mnaosha chupa kwa jiki. Nilivyosoma hapo nikashika kichwa, mnisamehe. Mchana kutwa mlikuwa mmetawanyika salama, jioni mkajikusanya mahali pamoja chini ya bati mmeinamia beseni moja mnapiga stori, yani mlijitengenezea ule mkanda wa kiwandani kwa mikono yenu. Na jiki yote ile ya nini? Chupa ilikuwa haihitaji jiki, ilikuwa inahitaji muda. Mngeichukua hiyo 72 ya watafiti mkaifanyia kazi nyie badala ya kuiogopa: gunia lililoingia leo halifunguliwi wala haliguswi mpaka siku tatu zipite, liko nje chini ya mti au pembeni ya ukuta, ndo linachambuliwa. Kikundi kimoja nilichokaa nacho kilifunga vitambaa vya rangi mdomoni mwa gunia, khanga iliyochakaa waliikata vipande, mwekundu ni Jumatatu, wa bluu Jumanne, na kuendelea, asiyejua kusoma na anayejua wote wanaona gunia gani limeiva. Walikuwa wanasema hivyo kabisa, "limeiva". Hasara yake ni kwamba mzigo wa siku tatu umekaa bila kuuzwa, mara ya kwanza mnakosa hela ya siku tatu, inauma, ila baada ya hapo kila siku lipo gunia linaloiva na hela inarudi kwenye mwendo wake. Na kuchambua mnakaa watatu watatu, uani, sio bandani.

Jiki ibaki kwa vinavyoshikwa na kila mtu: ndoano ya mzani, mpini wa toroli, komeo la mlango. Ile ya dukani ya asilimia 3.5 ni sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 34 za maji, ndoo ya lita 10 unaweka robo lita na kidogo, inatosha kabisa, mkizidisha mnachoma ngozi na hela. Na tafadhali sana msiichanganye na dawa ya choo ile yenye asidi kudhani inakuwa kali zaidi, inatoa gesi ya klorini na ndani ya banda hiyo gesi itawaangusha haraka kuliko korona. Nimeona mama mmoja akitolewa nje anakohoa machozi yanamtoka, alichanganya ndoo moja tu.

Kitu ambacho ningeogopa zaidi ningekuwa nyie ni sindano. Chanjo ya korona ilizinduliwa hapa nchini 28 Julai 2021, na sindano za vituoni zilikuwa na maboksi yake maalum, hizo sizo zinazonitia wasiwasi. Naongelea ya mgonjwa wa nyumbani, ya kisukari, ya dawa za kulevya, inayotupwa ndani ya chupa ya maji na kizibo kikafungwa, nyie mnaikandamiza chupa kwa mguu. Korona juu ya chupa kwa kawaida chini ya mara 1 katika 10,000, homa ya ini B kwa sindano yenye damu ya mgonjwa, kama hujachanjwa, inaweza kufika 30 katika 100. Unaona tofauti? Nendeni wote tisa mkapate chanjo ya homa ya ini B, ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita toka ya kwanza, na ya pepopunda pia. Mtu akichomwa aoshe kwa maji mengi na sabuni, asikamue, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72 na zikiwahi ndo bora. Hiyo ndo 72 ya kuandika ukutani.

Ikija nyingine, umeuliza. Inategemea inapita wapi, na hilo ndo liwe swali lenu la kwanza kwa bwana afya kabla hamjanunua jiki wala barakoa. Ikiwa ya hewani kama korona, fanyeni niliyosema, mtawanyike na gunia lilale. Ikiwa kipindupindu, na sie watu wa pwani tunakijua, hapo hewa haina neno, shida ni pampasi na maji ya taka na kula na mikono michafu, kulaza gunia lenye unyevu hakusaidii, mnaacha kabisa kugusa mzigo wenye majimaji ya chooni. Ikiwa kama mpox, ule ugonjwa wa vipele uliokuwa unaitwa homa ya nyani, ambao wagonjwa wa kwanza hapa nchini walitangazwa Machi 2025, basi nguo na mashuka ya mgonjwa ndo hatari, kwaiyo msiokote matambara wala magodoro hata kama ni mazuri namna gani.

Tumalizie viroba vya barakoa. Kirusi kilichokuwemo kilishakufa zamani, hiyo ifuteni kichwani, mnaweza kuvishika leo kwa mikono na glavu za kawaida. Msichome. Barakoa zile za bluu kitambaa chake ni plastiki ya polipropilini, ni jamaa wa ile mifuko mbadala mnayobebea nyanya, ukiichoma uani moshi wake unaingia kwa watoto na kwa jirani. Msizike pia nyuma ya banda, haziozi. Mnunuzi hampati kwa sababu imechanganywa, kitambaa cha aina moja, lastiki ya masikioni aina nyingine, na kiwaya cha puani, kuvitenganisha ni kazi ya siku nzima kwa kilo ambayo hamna atakayeilipa. India walikuwa wanawaambia watu wazikate vipande kabla ya kutupa ili mtu asizifue akaziuza tena, kama mna mkasi na wasiwasi fanyeni hivyo, miaka hii sidhani kama kuna wa kuzifua. Fungeni midomo ya viroba, siku ya gari la taka wapeni viende dampo pamoja na taka nyingine. Na kama kuna mwenzenu anasisitiza kwamba vile viwaya ni chuma visitupwe, mwacheni avitoe, ila mwambieni kabisa viroba vyote viwili mzani hata hautasogea.